Unaandaa kamusi? Weka safu ya kupangia

Wale mnaokusanya maneno ya kamusi kwenye kompyuta, msipange kwa safu ya neno lenyewe, wekeni safu ya pili pembeni yenye neno hilohilo kwa herufi ndogo, bila kistari wala ritifaa (ile alama ya ' kwenye ng'), alafu pangeni kwa hiyo. Programu zingine zinafuata kodi za herufi, yani namba ambazo kompyuta inazipa herufi na alama, sio alfabeti, kwahiyo Zuhura inakaa juu ya abiria kisa Z kubwa, na -pika inapanda juu kabisa sababu ya kistari. Ila msumbufu hasa ni ng', andika ng'oa kwa ritifaa iliyonyooka inakaa kabla ya ngazi, andika kwa ile iliyopinda ambayo baadhi ya simu zinajiwekea zenyewe inaenda baada ya nguzo, yani neno moja sehemu mbili na ukisachi kwa ritifaa moja, lililoandikwa kwa nyingine unaweza usilione!