Namna ya kukamata maji ya mvua kwa paa la sere, vile nafanya hapa Goma

Kama unalima ndani ya sere (nyumba ya plastiki ya kulimia) hapa Goma, mashariki ya Kongo, basi hii shida unaijua: mvua inanyesha kwa nguvu, unaisikia inapiga plastiki juu ya kichwa chako, na nyanya chini zimenyauka, sababu paa ndilo limezizuia mvua, maji yote yanamwagika pembeni yanapotelea kwa mawe ya volkano, halafu kesho asubuhi unatuma tena mtoto ziwani na bidoni (dumu). Mimi nilikaa hivyo muda mrefu. Kisha ikaja tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka 2021, volkano yetu Nyiragongo ikalipuka, lava ikaharibu tanki na tiyo (mabomba) za maji ya mji, watu karibu nusu milioni wakabaki bila maji ya robine (koki), na bidoni moja ya maji ikawa mali. Pale njo niliamua maji ya paa langu hayapotei tena.

Na kuna sababu ingine ambayo wengi hawaiangalii. Maji ya ziwa Kivu yana chumvichumvi, karibu gramu moja kwa kila lita, na pH yake (kipimo cha asidi) inafika kama 9. Kwa shamba la nje si shida kubwa, mvua inakuja inaosha, lakini ndani ya sere hakuna mvua ya kuosha, ile chumvi inabaki na inaongezeka. Kwa mifuko yangu ya udongo ilikuwa inatoka ukoko mweupe kwenye mdomo wa mfuko, ukiukwangua na kucha unabanduka vipande vipande kama rangi ya ukuta wa zamani, na majani ya chini ya nyanya yanakuwa kahawia kuanzia kwa ncha. Nilifikiri ni ugonjwa, nikanunua dawa, kumbe ni maji. Tangu nianze na maji ya mvua ule ukoko umeisha.

Haya tuingie kazini.

Hatua ya 1: hesabu paa lako

Milimita moja ya mvua kwa mita moja ya mraba ni lita moja. Sere yangu iko na mita 5 kwa 8, ni mita mraba 40, na unapima chini kwa ardhi, si kufuata mteremko wa paa. Mvua ya milimita 20, ambayo kwetu ni mvua ya kawaida tu ya alasiri, inakupa lita 800, toa kidogo inayoruka na kuvuja, hesabu 700. Hizo ni bidoni 35 za lita 20, kwa mvua moja. Fikiria mtu wa kuzibeba kutoka ziwani mpaka mtaa wa Ndosho.

Hatua ya 2: guti (mfereji wa kukinga maji ya paa)

Usiweke guti la bati. Moshi wa mlima Nyiragongo unafanya mvua yetu kuwa na asidi, bati linaliwa haraka, unaona mwenyewe vile mabati ya nyumba yanashika kutu hapa. Nunua tiyo ya PVC ya milimita 110, uipasue katikati kwa urefu na msumeno, unapata guti mbili. Angalia: ukishapasua, nusu tiyo inapenda kujikunja kwa ndani, mdomo unafungana, njo maana kila mita moja unaweka kipande cha mti ndani ya mdomo kuushikilia wazi, na chini yake kishikio cha ubao kilichopigiliwa kwa nguzo ya sere.

Mteremko ni sentimita 1 kwa kila mita. Mita 8, basi sentimita 8 kutoka mwanzo mpaka mwisho, funga uzi kwanza, mwaga maji ya kikombe uangalie yanaenda wapi kabla ya kukaza misumari yote. Paa langu linainama upande mmoja kwa hiyo niko na guti moja, kama lako linainama pande mbili utaweka mbili.

Mahali watu wanaharibu ni pale plastiki inakutana na guti. Maji hayaanguki yenyewe, yanafuata plastiki kwa chini yanarudi nyuma mpaka kwa ubao, yanatiririka ndani kwa ukuta. Acha plastiki ipite ubao wa mwisho kwa sentimita 10 hivi, ukunje ule ukingo uelekee chini ndani ya guti, na upigilie lati (ubao) nyembamba juu yake. Plastiki ivutwe sana. Ikilegea inatengeneza tumbo, maji yanalala pale, uzito unaongezeka, siku moja inapasuka. Na uchague plastiki ya sere yenyewe inayovumilia jua, bashi (turubai) ya kawaida baada ya miezi michache inakatika kama biskuti.

Hatua ya 3: maji ya kwanza yamwagike

Hapa naomba unisikie vizuri sababu kwa sisi wa Goma hii hatua si ya kuruka. Mvua ikianza inaosha paa kwanza: vumbi la barabara, mavi ya ndege, na ule unga mweusi wa mlima. Ukipitisha kidole juu ya plastiki baada ya wiki bila mvua utauona, mweusi, unakwaruza kama mchanga mwembamba. Hiyo yote ikiingia kwa tanki inalala chini na kila siku unamwagilia nayo.

Mimi namwaga lita moja kwa kila mita mraba, basi lita 40. Inafanyika hivi: tiyo ya 110 inashuka kutoka mwisho wa guti, unaweka te (kiungo cha njia tatu). Mkono wa pembeni unaenda kwa tanki. Mguu wa chini unaendelea kushuka kama mita moja na nusu, unaweka kona, halafu tiyo ya mita 3 inalala chini kando ya sere ikiinama kidogo kuelekea mwisho, na mwisho wake unafunga na bushoni (kifuniko) ya kufungua kwa mkono. Mita moja ya tiyo ya 110 inabeba karibu lita 9, kwa hiyo zote pamoja ni lita 40 hivi. Maji machafu yanajaza hiyo tiyo kwanza, ikijaa mpaka kwa te, yanayofuata, masafi, hayana njia ingine, yanaenda kwa tanki. Kwa bushoni toboa tundu na msumari mdogo kabisa, ili tiyo ijimwage polepole mvua ikiisha na iwe tupu kwa mvua ingine. Utapoteza maji kidogo kwa lile tundu, si kitu. Lakini kila wiki fungua bushoni utoe tope, tundu likiziba mfumo wote hauna kazi.

Kwenye mdomo wa te, upande unaoenda kwa tanki, funga kipande cha neti ya mbu.

Hatua ya 4: tanki na msingi wake

Natumia kibu, ile ya plastiki yenye kizimba cha chuma, lita 1000. Yangu ilifika kwa chukudu (kigari cha mbao cha magurudumu mawili), vijana wawili, vizuri kabisa. Kabla ya kulipa uliza ilibeba nini na unuse ndani. Iliyobeba mafuta ya kula unaiosha na maji ya moto na sabuni inatoka. Iliyobeba dawa za kiwanda, au kibati chake kiko na alama ya fuvu, iache hata kama bei ni ya bure, sababu hiyo plastiki imeshakunywa dawa.

Lita 1000 ni tani moja. Mara ya kwanza nilitengeneza meza ya mbao juu ya mawe vile yalivyokuwa, nikaona imesimama vizuri, kibu tupu haina uzito. Usiku mmoja wa mwezi wa 3 mvua ikanyesha mpaka ikajaa, jiwe moja chini likageuka, meza ikainama, kibu ikaanguka upande wa jirani ikavunja ukuta wake wa mbao. Mtoto wake alikuwa anapita pale saa moja kabla. Tangu siku ile sijengi tena na mbao.

Mawe ya lava tunayo bure, basi yatumie. Ondoa changarawe inayotembea mpaka ufike kwa mwamba mgumu, jenga msingi wa mawe na simenti, urefu wa kwenda juu sentimita 50, upana upite kibu kidogo kila upande, juu usawazishe na simenti, upime na nivo (pima maji). Usipite hapo kwa urefu: kibu yenyewe na paleti yake iko na karibu mita 1 na sentimita 16, ukijumlisha unafika 1,66, na mwisho wa guti langu uko 1,90. Tanki ikipita guti maji hayapandi. Kwa hiyo pima guti kwanza halafu msingi.

Kibu nyeupe inapitisha mwanga, ndani maji yanakuwa kijani, na ule utelezi wa kijani unaziba matundu ya tiyo za kumwagilia kwa matone. Ifunike yote na bashi nyeusi. Mfuniko wa juu uwe na neti, la sivyo unafuga mbu wa malaria. Na tiyo ya kumwaga maji yanayozidi iwe nene sawa na ile inayoingiza, uielekeze kwa migomba, mbali na msingi.

Hatua ya 5: kutoa maji

Robine ya chini ya kibu iko na meno makubwa, tiyo ya nusu inchi haikamati pale, tafuta rakoru (kiungo) yake kabisa. Urefu mdogo unatoa presha ndogo, mita moja ya maji ni bar 0,1 tu, inatosha kujaza arozwari (kopo la kumwagilia) na kuendesha matone kwa mistari mifupi. Mwagilia kwa shina, si juu ya majani, hasa siku moshi wa mlima umelala upande wenu. Watu wa Rusayo na Sake wananielewa, kule moshi unaenda mara nyingi.

Nunua karatasi za pH, chovya moja baada ya kila mvua kubwa. Ikisoma chini ya 5, maji yako na asidi sana, mimi natia jivu kidogo la makala (makaa) kwa udongo, mkono mmoja kwa mfuko, si kila wiki.

Haya maji usinywe

Mvua ya karibu na Nyiragongo inabeba floridi. OMS (Shirika la Afya Duniani) inasema maji ya kunywa yasipite miligramu 1,5 kwa lita, na ukitazama meno ya watoto wengi wa vijiji vya chini ya mlima, yale madoa ya kahawia, unajua tunaongea nini. Kuchemsha hakuiondoi, kunaizidisha, sababu maji yanapungua na yenyewe inabaki. Mama akikuomba bidoni moja mpe ya kufulia na umwambie wazi.

Kiangazi

Sere yangu inakunywa lita 120 mpaka 160 kwa siku ya jua, kibu moja inaisha kwa wiki. Mwezi wa 6 mpaka wa 8 kwa hiyo ziwani bado naenda, lakini naweka kibu ya pili sasa, zimeunganishwa kwa chini, na maji ya ziwa nayachanganya nusu kwa nusu na ya mvua mpaka yaishe. Mwisho wa mwezi wa 8 panda na ngazi ufagie guti, osha tanki chini, fungua bushoni, angalia neti. Na kama mlima umemwaga unga mwingi, chomoa tiyo inayoingia kwa tanki, acha mvua mbili zipite, ndipo uirudishe.