SOMO: Vile unarudisha ndege ya mabomu ya vita vya pili kwa hali yake ya kwanza (ndefu kidogo, someni pole pole)

Habari za jioni wadau. Tangu nitaje hapa ati niliwahi kushika Lancaster, ile ndege ya mabomu ya Waingereza ya vita vya pili, kwa mikono yangu mmenisumbua na maswali kila siku, sasa leo mvua imeshika Lang'ata Road, magari hayasongi, niko na chai na masaa mawili, wacha niandike. Mimi ni fundi wa bodi ya ndege hapa uwanja wa ndege wa Wilson, mwaka wa 17 huu. Katikati hapo nilikaa Uingereza mwaka na nusu kwa kandarasi, na kila Jumamosi nilikuwa najitolea kwa karakana moja ndogo ambapo wazee fulani walikuwa wanafufua kipande cha Lancaster, kile cha katikati kuelekea nyuma, pale tareti ya mgongoni hukaa. Tareti ni ile kuba ya kioo yenye bunduki inazunguka. Mshahara hakukuwa, ilikuwa chai na biskuti, lakini nilijifunza huko vitu sijawahi kufunzwa darasani.

Kwanza niwaambie kwa nini hii inatuhusu sisi wa Nairobi. Lancaster zilitengenezwa 7,377, na leo zinazoruka duniani ni mbili tu, moja iko Canada na nyingine ni PA474 ya jeshi la anga la Uingereza. Hiyo PA474 ilitoka kiwandani katikati ya 1945, ikapangiwa kwenda vita vya Mashariki ya Mbali, vita vikaisha kabla haijaenda. Ikatolewa tareti zote, ikapewa skwadroni ya 82, na kutoka 1948 mpaka 1952 ikawa inapiga picha za kutengeneza ramani Afrika Mashariki na Kusini. Na hiyo skwadroni kituo chake kilikuwa Eastleigh, hapo hapo Moi Air Base ya leo. Mimi nimekaa Eastleigh utotoni na hakuna mtu aliwahi kuniambia. Baadaye ilirudi kwao, ikatumika kwa majaribio ya bawa, na kutoka 1965 ndio wakaanza kuirudisha ikae ya vita tena. Tareti za mbele na nyuma zilipatikana mapema, lakini ile ya mgongoni ilikuja kupatikana Argentina, miaka ya 1970, ikasafirishwa kwa meli ya kivita. Hebu fikiria subira hiyo.

Sasa somo.

HATUA YA 1. Chagua tarehe. Hapa ndio watu wengi huharibu kazi yote. Ukisema "hali ya asili" nitakuuliza, asili ya siku gani? Ndege ya vita ilikuwa inabadilishwa kila mwezi. Chukua mfano rahisi wa nyota ya ndege za Marekani: mpaka Mei 1942 ilikuwa na doti nyekundu katikati, ikatolewa, katikati ya 1943 zikaongezwa zile pau mbili za kando na mstari mwekundu kuzunguka, na kabla mwaka uishe huo mstari ukawa wa bluu. Halafu 1947 ukaja mstari mwekundu ndani ya pau. Kwa hivyo ukichora nyota yenye pau kwa B-25, ndege ya mabomu ya Marekani, unayosema ni ya Aprili 1942, ushasema uongo na rangi haijakauka. Andika tarehe moja kwa ubao wa hanga, na kila mtu akikuja na wazo anaelekezwa kwa ubao.

HATUA YA 2. Piga picha kabla kugusa. Picha ya mbali, ya karibu, na ya karibu kabisa na rula kando yake. Kila bolti ikitoka inaingia kwa mfuko wake wa plastiki na lebo ya penseli. Penseli nasema, kwa sababu wino wa kalamu unafutika ukipatana na mafuta. Michoro ya kiwanda tafuteni mapema, makumbusho makubwa yanayo kwa filamu ndogo, lakini ndege yenyewe ikikataana na mchoro aminini ndege, kwa sababu mafundi wa vita walikuwa wanabadilisha vitu hapo hapo kiwandani bila kungoja mchoro mpya.

HATUA YA 3. Sumu. Hii msiruke tafadhali. Saa na mita za zamani zilipakwa rangi ya radiamu ndio zionekane usiku. Mwanga wake umekufa lakini mionzi haijakufa, na unga wake ukivuta umeuingiza mwilini. Usifungue kioo chake kamwe, mwite mtu wa mionzi apime. Ile praima, yaani rangi ya kwanza ya kulinda bati, ya kijani au manjano ndani ya bodi iko na kromati, inaleta kansa, kwa hivyo usipige msasa mkavu, tumia maji na maski ya kweli si kile kitambaa cha boda. Mitungi ya presha nayo usidhani imeisha kwa sababu imezeeka.

HATUA YA 4. Kutoa kilichoongezwa. Sasa hapa ndio moyo wa kazi yenyewe. Kipande chetu kilikuwa kimetolewa tareti baada ya vita, shimo likafunikwa na shiti ya aluminiamu, na mzee mmoja akanipa drili akaniambia toa kiraka. Riveti, vile vipini vya kushikanisha bati, za milimita 3.2, zilikuwa mia na kitu. Unagonga alama katikati ya kichwa na senta panchi, polepole, halafu unatoboa kichwa tu na biti isiyozidi ukubwa wa riveti. Kichwa tu! Unasikiza. Biti ikifika shingo sauti inabadilika, inakuwa nyembamba kidogo, hapo unaacha. Unaweka panchi kwa tundu, unainamisha kidogo, kichwa kinaruka kama kifuniko cha soda. Mtu anashika chuma upande wa ndani, wewe unagonga shina litoke bila kukunja bati. Riveti ya nne nilienda na haraka, biti ikateleza, tundu likawa kama namba 8, na hilo tundu ni la kiwanda, la 1945, limekaa zaidi ya miaka 70 na limeharibiwa na mimi kwa sekunde moja. Ikabidi tuweke riveti kubwa zaidi pale. Hakuna aliyenigombeza lakini mpaka leo nikishika drili nakumbuka hiyo riveti ya nne. Kiraka kilipoinuka tukaona ukingo wa shimo la asili, praima bado safi, na penseli ya mfanyakazi wa kiwanda, mstari na mshale mdogo akionyesha mwenzake mbele ni wapi.

HATUA YA 5. Kutu. Aluminiamu haiozi nyekundu, inatoa unga mweupe. Bati la ndege limevikwa ngozi nyembamba ya aluminiamu safi juu ya aloi ngumu, hiyo ngozi ndio inalinda, kwa hivyo ukija na grainda umemaliza ulinzi wote. Angalia zaidi pale chuma kimegusana na aluminiamu na pale maji hukaa chini ya sakafu. Ukigonga na kidole ikitoa sauti ya kadibodi, au ukiona bati limefura kama mandazi, limeoza kwa tabaka ndani, hilo halitibiki, linabadilishwa.

HATUA YA 6. Kipande kipya. Tumia cha zamani kama patani, shikilia na kleko, vile vibanio vya muda, kila matundu machache, panga yote kabla ya kupiga hata moja. Shina la riveti litokeze mara 1.5 ya unene wake, ukipiga kichwa cha ndani kiwe upana mara 1.5 na urefu nusu. Kwa ile ya 3.2 ni milimita 4.8 upana na 1.6 urefu. Riveti za aloi ngumu sana zinachomwa kwanza halafu zinawekwa kwa friza, kwa sababu zikiachwa nje zinakuwa ngumu zenyewe na ukizigonga zinapasuka. Unazitoa chache chache, unapiga mbio. Na kila kipande kipya kiandikwe mwaka kilipotengenezwa, mahali hapaonekani.

HATUA YA 7. Tareti na bunduki. Lancaster ya kawaida ilikuwa na bunduki 8: mbili mbele, mbili mgongoni, nne nyuma, na tareti zinazungushwa na mafuta ya presha kutoka pampu za injini. Ukipata tareti yenyewe shukuru Mungu. Bunduki lazima ziwe zimezimwa kisheria, na hii usijadiliane na mtu.

HATUA YA 8. Rangi ni ya mwisho. Kabla hujakwangua, piga msasa laini na maji kwa duara dogo, tabaka kwa tabaka, utaona kila koti kama pete za mti. Piga picha hiyo duara halafu uiache bila kupaka.

MASWALI YA WANACHAMA

Brayo wa Umoja: Fundi, hii yote inachukua muda gani? Miaka miwili iko sawa?
— Brayo, toa hiyo miwili kwa kichwa. Enola Gay, ile ndege ya Marekani aina ya B-29 iliyoangusha bomu la atomiki Hiroshima, ilianza kurekebishwa 1984 ikaonyeshwa nzima 2003, na ilikula kama masaa 300,000 ya kazi. Ile B-29 nyingine inaitwa Doc watu wa kujitolea wa Wichita, Marekani, waliihangaikia miaka 16, ikaruka Julai 2016. Memphis Belle, ndege ya mabomu aina ya B-17, ilifika makumbusho ya Dayton, Marekani, 2005 ikaonyeshwa Mei 2018.

Fundi Kamukunji: Sisi hapa jua kali tunapiga bati kwa nyundo na mchanga tangu asubuhi hadi jioni, tunaweza tengeneza hizo paneli?
— Mkono mnao kaka, na sikubembelezi. Ile kazi ya kukunja bati pande mbili juu ya mfuko wa mchanga ndiyo ile ile wazee wa Uingereza walikuwa wananifunza. Kwa ndege ya kusimama kwa makumbusho inawezekana. Ya kuruka ni stori nyingine, bati lazima liwe na cheti cha aloi na kazi isainiwe na mwenye leseni. Kuja Wilson siku moja nikuonyeshe unene wa bati lenyewe, utaelewa kwa nini nyundo ya masufuria ni nzito sana.

Wanjiru N.: Shosho yangu wa Nyeri alikuwa akisikia ndege kubwa anaingia chini ya kitanda hata miaka ya themanini. Ni hizi?
— Pole kwa shosho, dada. Zile zilikuwa Lincoln, ndugu mkubwa wa Lancaster, zilitengenezwa kutoka kwa mchoro huo huo. Kutoka mwisho wa 1953 mpaka 1955, wakati wa vita vya Mau Mau, skwadroni za Waingereza zilikuwa zinapokezana Eastleigh, zinaangusha mabomu ya ratili 500 na 1,000 msituni Nyandarua na Mlima Kenya. Hata mimi nikifanya hii kazi nafikiria hilo. Yeyote anayerudisha ndege hizi aandike kwa kibao ilikoenda na ilichofanya huko, pamoja na msitu wetu.

Mwanafunzi wa ndege: Mwalimu, nianzie wapi kama sina ndege?
— Nunua shiti mbili ndogo na riveti 50. Piga zote, halafu zitoe zote bila kuharibu tundu hata moja. Ukiweza hivyo mara tatu, nitumie picha.

Mzee Otieno: Swali langu ni moja. Kama hiyo PA474 ilikaa huku ikichora ramani zetu, hiyo si ndiyo kazi yake ya kwanza ya kweli? Mbona waifute?
— Mzee wangu, hili swali nililiuliza pia kwa ile karakana. Waingereza wenyewe wanaitumia kukumbuka vijana wao, kikosi chao cha mabomu kilipoteza watu 55,573 kwa vita hivyo, na haki hiyo siwanyimi. Lakini kutoa si kutupa. Kile kiraka nilichotoa mimi hakikuenda kwa vyuma kuukuu. Tulikiosha, tukakifunga kwa karatasi, tukaandika kilikuwa wapi, kiliwekwa baada ya vita kwa sababu gani, na nani amekitoa tarehe gani, pamoja na riveti zake zote kwa chupa ya jam. Kiko kwa sanduku la mbao, na sanduku linakaa na ndege. Siku mtu akitaka kukirudisha, matundu yote yako hapo, isipokuwa lile la nne.