Hita ya gari inapuliza joto kulia, baridi kushoto: nilivyolimaliza tatizo Njombe

Mama mkwe wangu hakai kiti cha nyuma. Hukaa mbele kushoto, mkoba mapajani. Juni iliyopita nilikuwa namtoa Makete kumleta kwangu Njombe. Alikuwa amejifunga khanga mbili juu ya sweta, kanyamaza muda mrefu, kisha akasema, “Mwanangu, huko kwako tumeshafika Njombe, huku kwangu bado ni Kitulo?” Nikapeleka mkono kwenye tundu lake la hewa. Baridi kabisa. La kwangu, kulia, lilikuwa linakausha midomo.

Nikamwomba radhi, nikampa na koti langu.

Mimi nanunua viazi na kufuga kuku, fundi si kazi yangu. Lakini gari hili nililinunua mkononi kwa mtu Dar es Salaam, na huko nani anawasha hita? Ugonjwa ulikuwepo siku zote, hapakuwa na baridi ya kuufichua. Kazi niliifanya Jumamosi mbili na shemeji yangu mdogo, ambaye ana spana zake na hana haraka. Naandika kwa ajili ya wenzangu wa Njombe, Makambako, Mbeya, na ndugu wa Limuru na Nyahururu pia, maana baridi yenu naijua.

Kwanza uelewe joto linatoka wapi. Hita haina moto wake. Maji ya injini yanayokwenda kupozwa kwenye rejeta kubwa, sehemu yake hupitishwa ndani ya dashibodi kwenye rejeta ndogo, ukubwa kama wa daftari nene. Feni hupuliza hewa kupitia hapo. Kisha kuna vibao vya plastiki vinavyofungua na kufunga ili kuchanganya hewa ya moto na ya baridi. Gari lenye swichi mbili za joto, ya dereva na ya abiria, huwa na kibao cha kila upande, na kila kibao kina kimota chake. Kwa hiyo upande mmoja ukiwa baridi, washukiwa ni wawili: maji ya moto hayapiti ya kutosha, au kibao kimekwama.

Watu wengi hukimbilia kibao, kwa sababu ndicho kinachoonekana kuwa na “upande”. Hata mimi nilianza hivyo. Kumbe maji yakipita kidogo kidogo, yanaacha joto lote kwenye sehemu ya kwanza ya ile rejeta ndogo, na yakifika sehemu ya pili yameshapoa. Upande mmoja unachomwa, mwingine unagandishwa, na vibao vyote viwili ni vizima.

Kipimo kinachowatenganisha hakigharimu shilingi. Endesha gari dakika 20 lipate moto, simama, weka pande zote mbili joto la mwisho na feni ya kati. Acha injini iungurume taratibu kwa dakika tatu, ushike upande wa baridi. Halafu mwenzako akanyage mafuta, mshale wa mizunguko ya injini ukae kwenye 2,500 kwa muda wa dakika mbili. Upande wa baridi ukianza kupata joto, na ukirudi baridi akiachia, tatizo ni maji. Pampu ikizunguka kwa kasi inayasukuma, ikilegea yanasinzia. Usipobadilika hata kidogo, mtuhumu kibao.

Mimi nilitumia kipimajoto kidogo cha dijitali chenye waya, kile ninachoweka kwenye banda la vifaranga. Waya niliuchomeka kwenye tundu la hewa. Kulia nyuzi 51, kushoto 19. Nilipokanyaga mafuta, kushoto ikapanda hadi 33. Tofauti ya nyuzi tatu nne kati ya pande mbili isikusumbue. Ya nyuzi 32 ni kesi.

Tahadhari moja kabla ya kugusa chochote: kifuniko cha rejeta hakifunguliwi injini ikiwa ya moto. Nimeona mkono wa kijana mmoja wa stendi ulivyobabuka.

Asubuhi, injini ikiwa baridi, fungua uangalie maji. Yangu yalikuwa pungufu, na rangi yake chai ya rangi kabisa. Hayo si kulanti, ile dawa ya kupozea injini, ni maji ya bomba na kutu. Ukiona hivyo, nusu ya jibu umeshapata. Maji yakipungua, hewa huingia, na hewa hupenda kujificha kwenye rejeta ndogo kwa sababu kwenye magari mengi ndipo palipoinuka.

Halafu washa, subiri ipate moto, ushike mipira miwili inayoingia kwenye ukuta kati ya injini na dashibodi. Shika kwa kugusagusa, mbali na feni na mikanda. Yote miwili ikiwa ya moto, maji yanapita vizuri. Mmoja wa moto na mwingine vuguvugu au baridi, rejeta ndogo imeziba, au ina hewa, au kama gari lako lina vali ya hita, vali haifunguki. Yote miwili vuguvugu, uliza habari za themostati.

Hapa niseme kidogo, maana linaniudhi. Joto la pwani limewafundisha mafundi wengi kwamba gari likichemsha, dawa ni kung'oa themostati. Wanaing'oa, wanaitupa, gari linatembea, mteja anashukuru. Halafu gari hilo linapanda huku juu na injini haipati moto wake. Themostati kazi yake ni kuzuia maji yasiende rejeta kubwa mpaka yafike nyuzi 80 na kitu. Bila hiyo, ukishuka mteremko asubuhi ya Julai utaona mshale wa joto unarudi chini kama umezima gari, na mafuta yanaliwa zaidi. Shemeji alipofungua nyumba ya themostati ya gari langu, ilikuwa tupu. Tukanunua mpya na gasketi yake. Kabla ya kuifunga tuliitumbukiza kwenye sufuria ya maji ya moto jikoni, tukaiona inafunguka.

Kuosha rejeta ndogo ndiko kulikochukua muda. Injini ilale usiku mzima. Weka beseni chini, legeza klipu za mipira miwili, na uutie alama ya rangi mmoja usije ukaichanganya. Mpira ukigoma usiuvute kwa nguvu, maana mdomo wa rejeta ndogo ni mwembamba na ukivunjika utashusha dashibodi nzima. Uzungushe taratibu, au uukate kwa wembe kwa urefu, ununue mwingine. Mpira ni rahisi kuliko dashibodi.

Usiunganishe bomba la maji moja kwa moja. Presha ya bomba inaweza kupasua rejeta iliyochoka, na utajua kwa zulia lililolowa na kioo kinachojaa ukungu wenye harufu tamu. Sisi tuliweka ndoo ya lita 20 juu ya pipa, tukaunganisha mpira, maji yakashuka kwa uzito wake. Anzia upande ambao maji hutokea, ili uchafu urudi ulikoingilia. Ndoo ya kwanza ilichukua dakika 11, na kilichotoka kilifanana na tope la matofali. Tukageuza, tukageuza tena. Ndoo ya sita ilipita kwa dakika nne, maji meupe. Mtu akikushauri utie kostiki ya kutengenezea sabuni, mkatalie. Rejeta hizi nyingi ni za alumini, na kostiki inaila.

Kujaza: kulanti nusu na maji safi nusu, kama si ile iliyokwisha kuchanganywa. Maji yawe yale yaliyosafishwa ya kuongezea betri, na usome kibandiko, maana asidi ya betri nayo huuzwa kwenye chupa za namna ileile. Kulanti ni sumu na ina utamu. Usiiache mahali mbwa na watoto wanapoweza kuifikia, na iliyomwagika uioshe.

Kutoa hewa: egesha gari pua ikiwa juu kwenye mwinuko, breki ya mkono na jiwe nyuma ya tairi. Hita joto la mwisho. Injini ikiwa baridi, kifuniko wazi, washa, ongeza kila mapovu yanapotoka na maji kushuka. Mpira wa juu wa rejeta ukianza kuwa wa moto, themostati imefunguka. Zima, acha ipoe, jazia, funga. Usiendelee kusubiri kifuniko kikiwa wazi: kwa kimo cha Njombe maji matupu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100, na utadhani ni hewa inatoka kumbe yanachemka. Mapovu yakirudi kila siku na maji yanapungua bila kuvuja, huenda gasketi ya silinda hedi imekwisha. Hapo mpelekee fundi.

Na kama kile kipimo cha kukanyaga mafuta kilikuambia ni kibao? Zima redio, feni chini, geuza joto la upande ule kutoka baridi ya mwisho hadi moto wa mwisho. Ukisikia tak-tak-tak nyuma ya dashibodi, meno ya gia ya kimota yamekatika. Kimya kabisa, huenda kimota hakina umeme au kimekufa. Jaribu kuchomoa betri dakika 15 na kurudisha. Magari mengine hujipima upya vibao vyake. Ikishindikana, mara nyingi kimota hushikwa na skrubu mbili tatu, na kama vya kulia na kushoto vina namba ileile, vibadilishane nafasi: ugonjwa ukihama, umempata. Chomoa betri kwanza, maana mle kuna waya za eabegi. Halafu kumbuka video nyingi za mtandaoni ni za magari ya usukani wa kushoto. Wakisema “upande wa dereva”, geuza kichwani.

Jumamosi ya pili jioni kipimajoto changu kilisoma kulia 56, kushoto 54. Jumatatu yake nilikuta tone chini ya klipu moja, nikaikaza nusu mzunguko. Mama mkwe nilimrudisha Makete wiki iliyofuata. Tulipofika Tandala aliomba nifungue kioo kidogo.