Jinsi ya kumsoma mshairi anapoutetea ushairi (na anapogeuka mhakiki)

Ushairi una faida gani, na huyu anayekaa kuuchambua naye ana faida gani? Washairi wamelijibu hili swali karne na karne na kila kizazi kinalianza upya. Sasa wengi tukianza kuwasoma hawa washairi-wahakiki, yaani washairi wanaoandika pia insha za kuuchambua ushairi, tunaishia kukusanya nukuu tu, Sidney kasema hivi, Shelley kasema vile, Eliot naye ana lake, tunazipanga kwenye daftari alafu tunakwama kwasababu zote zinasikika vizuri na zote zinapingana. Njia ninayoiamini mimi ni hii: msome mshairi-mhakiki kama mtu aliyesimama kizimbani. Kuna mtu kamshtaki, na kuna mali yake anailinda, na hiyo mali ni mashairi anayoandika yeye mwenyewe. Ukishayajua mashtaka na ukaijua mali, ile fasili yake inafunguka yenyewe.

Tafuta mashtaka kwanza

Kabla hujapigia mstari sentensi yoyote, jiulize nani kasema nini mpaka huyu mtu akachukua kalamu. Shtaka la zamani kabisa ni la Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliyetaka washairi watolewe kwenye dola yake bora kwasababu wanaiga mambo wasiyoyajua na wanachochea hisia badala ya akili. Ila watu wengi wanasahau kwamba Plato hakufunga mlango. Alisema wapenzi wa ushairi, hata wale wasio washairi, waruhusiwe kuja kuutetea kwa lugha ya kawaida isiyo ya mashairi, waonyeshe kwamba hauleti raha tu bali una manufaa kwa dola na kwa maisha ya mwanadamu. Yashike hayo mawili, raha na manufaa, kwasababu karibu kila utetezi uliokuja baadae unazunguka hapo hapo. Mshairi Horace wa Roma ya kale aliyaweka pamoja, kwamba anayechanganya kitamu na chenye faida ndo anayeshinda.

Alafu nenda kwa Philip Sidney, mshairi wa Uingereza wa karne ya 16. Mwaka 1579 huko Uingereza Stephen Gosson alitoa kijitabu cha kuwashambulia washairi na waigizaji, na akamtabarukia Sidney mwenyewe! Utetezi wa Sidney uliandikwa karibu na mwaka 1580 na ukachapishwa 1595, yeye alishafariki tangu 1586. Humo kuna ile hoja maarufu kwamba mshairi hadai chochote kuwa ni kweli, kwahiyo hawezi kuitwa muongo. Ukiisoma peke yake unaweza kuona ni ujanja wa maneno tu, lakini ukijua kwamba shtaka lilikuwa ni "washairi ni waongo" unaona kabisa jamaa anajibu hoja kwa hoja. Na anaenda mbali zaidi, anasema mwanafalsafa anakupa kanuni bila picha, mwanahistoria anakupa picha lakini kafungwa na yaliyotokea, mshairi ndo anakupa kanuni ikiwa imevaa picha ambayo moyo unaikubali mpaka mtu anataka kutenda. Hiyo sehemu ya pili ndo yenye uzito kuliko ile ya uongo, na ndo inayonukuliwa kidogo zaidi.

Shelley, mshairi wa Uingereza wa mwanzo wa karne ya 19, vile vile. Mwaka 1820 rafiki yake Thomas Love Peacock, naye mshairi, aliandika kwamba katika zama za sayansi mshairi ni mtu nusu mshenzi katikati ya watu waliostaarabika, yaani ushairi ulikuwa wa utoto wa binadamu na watu wenye akili sasa wafanye mambo ya maana. Shelley akajibu 1821, ingawa jibu lenyewe halikuchapishwa mpaka 1840. Ona shtaka lilivyobadilika: hapa hakuna habari ya uongo, ni kwamba ushairi umepitwa na wakati. Na mwaka 1977 Audre Lorde, mshairi wa Marekani, anajibu shtaka jingine kabisa, kwamba ushairi ni anasa. Yeye anasema kwa wanawake ushairi ni hitaji la lazima, kwasababu ndani yake kinachohisiwa tu na bado hakina jina kinapata jina, na kikishapata jina kinaweza kufikirika, na kikifikirika kinaweza kutendwa. Mashtaka matatu tofauti na majibu matatu tofauti, ukiyachanganya kana kwamba wote walikuwa wanajibu swali moja lazima upotee.

Usiikate nukuu njiani

Hili linaniuma kweli. Kila mtu anajua Shelley alimaliza kwa kusema washairi ni watunga sheria wa dunia wasiotambuliwa, na watu wanaichukua hiyo sentensi ya mwisho wanaicheka au wanaipamba nayo kadi. Lakini moyo wa hoja yake uko katikati ya insha, pale anaposema chombo kikubwa cha wema ni ule uwezo wa kujenga picha akilini, kwasababu mtu hawezi kuwa mwema sana bila kujiweka kwenye nafasi ya mwenzake na ya wengine wengi, maumivu yao na furaha zao ziwe zake. Ushairi unaukuza huo uwezo kama mazoezi yanavyokuza kiungo cha mwili. Haiwezekani ukaielewa ile sentensi ya sheria bila hii, kwasababu sheria anayoisema yeye inaanzia humo, kwenye uwezo wa kumhisi mwingine.

W. H. Auden, mshairi wa karne ya 20, naye wamemtendea hivyo hivyo. Mwaka 1939 kwenye shairi lake la kumlilia mshairi mwenzake Yeats aliandika kwamba ushairi hausababishi kitu chochote kutokea, na mpaka leo watu wanairusha hiyo kama ushahidi kwamba hata washairi wenyewe wamekata tamaa. Embu endelea kusoma beti ile ile. Anasema ushairi unadumu, unatiririka, na mwishoni anauita namna ya kutokea, mdomo. Kwa maoni yangu hapo hajaudharau hata kidogo, ameukatalia kazi ya propaganda na kuuachia kazi ya kuwa sauti.

Kwahiyo kanuni ni fupi: ukikutana na nukuu tamu, soma ukurasa wa kabla na ukurasa wa baada.

Weka mashairi yake pembeni ya insha yake

Hapa ndo penye utajiri, chukua muda. T. S. Eliot, mshairi wa karne ya 20, mwenyewe alikiri mwaka 1942, kwenye mhadhara wake kuhusu muziki wa ushairi, kwamba mshairi akiandika uhakiki, nyuma ya akili yake siku zote anajaribu kuutetea ushairi wa aina ile anayoiandika. Sasa mpime yeye kwa kipimo chake. Mwaka 1921 aliandika insha ya kuwasifu akina John Donne, washairi wa karne ya 17 ambao walikuwa wamewekwa kando, na humo akasema mshairi wa ustaarabu wa sasa lazima awe mgumu kueleweka kwasababu ustaarabu wenyewe umejaa mambo mengi yaliyochanganyikana. Mwaka uliofuata, 1922, akatoa shairi lake refu la "The Waste Land", na ni gumu kweli kweli. Insha ilikuwa inafagia njia ya shairi. Hiyo haimaanishi kwamba insha ni ya uongo, hapana, inamaanisha ukiisoma ujue ni fundi anayesifia vifaa anavyotumia.

Mfano ambao sisi wasomaji wa Kiswahili tunaweza kuuhisi zaidi ni ule mgogoro wa vina na mizani, kama shairi lazima liwe navyo au la. Amri Abedi mwaka 1954 alitoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi, na ndani ya jalada hilo hilo kuna diwani yake, sheria na mashairi vimefungwa pamoja. Kwake shairi ni wimbo, na lisiloimbika halina maana. Kisha anakuja Euphrase Kezilahabi na diwani yake "Kichomi" mwaka 1974, anasema kwenye utangulizi kwamba amejaribu kutumia lugha ya kawaida ambayo watu wanazungumza kila siku, na anajua kabisa hayo ni mapinduzi. Mulokozi na Kahigi, nao washairi, mwaka 1979 wakaja na kitabu ambacho nacho kina nadharia mbele na diwani yao nyuma, wakiiweka thamani ya shairi kwenye mpangilio, mkato wa maneno, picha na kugusa moyo, bila kuvifanya vina na mizani kuwa uti wa mgongo. Angalia jinsi kila mmoja fasili yake inavyofanana na diwani iliyoko nyuma yake. Ukimuuliza Amri Abedi thamani iko wapi anakupeleka kwenye sikio, ukimuuliza Kezilahabi anakupeleka kwenye ukweli wa usemi na uzito wa fikra, na mtu akikuambia mmoja wao hakujua ushairi ni nini, huyo hajasoma hata mmoja.

Na cha kushangaza, Wordsworth, mshairi wa Uingereza, alifanya jambo karibu lile lile mwaka 1800. Aliongeza utangulizi kwenye toleo jipya la mashairi aliyoyatoa na mshairi mwenzake Coleridge 1798, akasema anataka lugha inayotumiwa kweli na watu. Utangulizi wa diwani ni mahali pazuri sana pa kumkamata mshairi-mhakiki, kwasababu hapo hana pa kujificha, mashairi yako ukurasa unaofuata.

Tenganisha thamani ya ushairi na thamani ya uhakiki

Hizi ni kesi mbili na watu wanazichanganya. Matthew Arnold, mshairi na mhakiki wa Uingereza, mwaka 1864 aliandika kuhusu kazi ya uhakiki, akakubali kwamba kuhakiki ni chini ya kubuni, lakini akasema bila uhakiki mbunifu anakosa hewa ya kuvuta, kwasababu mshairi mkubwa anahitaji fikra zinazozunguka katika jamii yake na uhakiki ndo unazitafuta na kuzisambaza bila kupendelea upande. Akathubutu kusema washairi wa Uingereza wa mwanzo wa karne ya 19, pamoja na nguvu zao zote, hawakujua mambo ya kutosha.

Eliot mwaka 1923 aliiteremsha chini zaidi, kazi ya uhakiki ni kuzieleza kazi za sanaa na kurekebisha ladha ya wasomaji, basi. Ila kwenye insha hiyo hiyo akaongeza kitu ambacho naona ndo kikubwa kuliko vyote alivyosema kuhusu uhakiki: kwamba labda sehemu kubwa ya jasho la mwandishi anapoandika ni jasho la kihakiki, kuchuja, kuunganisha, kufuta, kurekebisha, kujaribu. Na tunao ushahidi wa mikono, maana rasimu za "The Waste Land" zilichapishwa 1971 na unaweza kuona rafiki yake, mshairi Ezra Pound, alivyokata kurasa kwa kurasa. Lile shairi tunalolijua limetokana na uhakiki wa rafiki kama lilivyotokana na kipaji cha mtunzi.

Auden yeye, kwenye kitabu chake cha insha cha 1962, aliuliza swali rahisi la msomaji: mhakiki anifanyie nini mimi? Akataja kwa mfano anijulishe waandishi nisiowajua, anishawishi kwamba kuna mtu nilimdharau kwa kutosoma vizuri, anionyeshe uhusiano kati ya kazi za nyakati na tamaduni tofauti, anisomee kazi kwa namna inayonizidishia uelewa. Chukua hivyo vipimo na upime kila uhakiki unaousoma, utashangaa ni mwingapi hautimizi hata kimoja.

Kisha jaribu kuivunja fasili

Tafuta shairi zuri ambalo fasili inalifukuza. Arnold mwaka 1880 alisema ushairi wa daraja la juu una uzito na ukweli wa hali ya juu, na akashauri tubebe mistari michache ya Homer, Dante, Shakespeare na Milton kichwani ili tupimie mingine. Kwa kipimo hicho Chaucer, mshairi wa Uingereza wa karne ya 14, akaachwa nje ya daraja la juu, eti hana ule uzito. Hapo mimi nasema kipimo ndo kibovu, Chaucer hana kosa, kwasababu kicheko chake kinabeba maarifa ya binadamu mengi kuliko huzuni za washairi wengi.

Aliyeifanya kazi hii vizuri kupita wote ni Coleridge mwaka 1817, alipoipima nadharia ya Wordsworth ya lugha ya watu wa kawaida na kuonyesha kwamba mashairi bora ya rafiki yake huyo hayaifuati hiyo nadharia. Hakumvunjia heshima, alimsifu kama mshairi mkubwa, lakini nadharia aliifungua skrubu moja moja. Kama unataka kujifunza kupinga kwa adabu soma hapo.

Ukifika kwenye kuandika ya kwako, usianze na "ushairi ni...". Anza na shtaka unalolisikia leo, liandike kwa nguvu zake zote kama vile unaliamini, alafu jibu kwa shairi moja tu unalolijua vizuri, mstari kwa mstari, na mwisho taja shairi moja ambalo jibu lako haliliwezi, usilifiche. Na kama hujui uanzie wapi kusoma, anza na zile insha za Auden kwasababu ni mwepesi, kisha ule utangulizi wa "Kichomi" pamoja na mashairi yake, kisha Shelley akiambatana na Peacock, yaani usimsome Shelley kabla ya Peacock. Sidney mwachie mwisho, Kiingereza chake ni cha zamani na sentensi ni ndefu, ila ukifika kwake baada ya hao wengine utakuta hoja nyingi unazifahamu tayari na utamsoma kwa raha.