Somo: Kuongeza misuli bila kujaza kitambi

Naandika hapa mara moja, ili kila anayeuliza nimwelekeze huku. Haipiti wiki pale Ngamiani, Tanga, tunaponyanyulia ndoo za zege kwa mazoezi, bila kijana kuniambia: "Kaka, nimeongeza kilo sita, mbona nguo zinabana tumboni tu?" Mizani inapima vyote kwa pamoja: misuli, mafuta, maji, hata ugali wa jana. Haisemi kipi kimeongezeka.

1. Nunua futi kamba, ile ya fundi cherehani.

2. Pima asubuhi, umeshatoka chooni na hujala: uzito, kiuno usawa wa kitovu, mkono, paja. Andika.

3. Angalia mwili ulio nao ndipo uamue chakula. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilianza na kilo 61, nikaambiwa "kula uongezeke". Asubuhi chapati nne na uji, mchana ubwabwa sahani mbili, usiku vilevile. Miezi minne baadaye nina kilo 73, najiona mwili nyumba. Siku ya harusi ya binamu yangu kifungo cha suruali hakikufika tunduni. Kiuno kilitoka sentimita 74 hadi 87, mkono uliongezeka sentimita moja na nusu tu. Mwili una kasi yake ya kujenga misuli. Chakula kinachozidi hapo unakiweka akiba ya mafuta, na mafuta hayageuki misuli hata unyanyue mpaka kesho. Kisha nikajinyima kwa pupa ili nipungue, na misuli nayo ikaondoka.

Kwa hiyo mwembamba aongeze chakula kidogo; robo kilo kwa wiki inatosha. Ambaye kiuno kimezidi nusu ya urefu wake ASIONGEZE. Apunguze kidogo tu na anyanyue. Anayeanza mazoezi akiwa na kitambi anaweza kujenga misuli huku mafuta yakipungua, maana nishati iliyokosekana sahanini mwili unaichota kwenye akiba. Mzoefu aliyekwisha kukonda hana akiba hiyo, ndiyo maana kwake ni kazi ngumu.

4. Nyanyua. Kila kundi la misuli seti 10 hivi kwa wiki (seti ni kunyanyua mara kadhaa mfululizo kisha unapumzika), ukiongeza uzito au idadi ya kunyanyua kadiri unavyozoea.

5. Protini gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Yai moja gramu 6, glasi ya maziwa 8, samaki gramu 100 anakupa 20 hivi.

6. Lala.

MASWALI

– Mkuu, dawa gani inaongeza mwili haraka?
Hatua ya 3. Isome.

– Nimeuliza tu, mbona unafoka?
Sifoki. Baadhi ya vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa mitaani vina deksamethasoni, dawa ya hospitali ya kutuliza uvimbe, inayojaza maji na mafuta huku ikila misuli. Nimemwona kijana amevimba uso kwa vidonge hivyo. Siwezi kukuelekeza huko.

– Kaka, mimi nabeba viroba bandarini mwaka wa tatu huu. Mbona sitanuki?
Swali zuri sana, ndugu yangu. Msuli hukua ukipewa mzigo unaozidi ule uliouzoea, na kiroba ni kilekile kila siku. Tena kazi ya kutwa inamaliza nishati. Ukila chai na andazi, cha kujengea kinatoka wapi? Siku mbili kwa wiki, zile ambazo huna zamu, fanya pushapu na kuchuchumaa na mzigo, uongeze polepole. Na ule kabla ya zamu.

– Mimi mama wa watoto wawili. Wiki sita mizani haijashuka, ila kiuno kimepungua sentimita 4. Nimekosea wapi?
Hujakosea dada, hongera! Mafuta yametoka na misuli imeingia, mizani haikuona. Na siku ikipanda ghafla usiogope: kila gramu ya wanga inayohifadhiwa kwenye msuli hushika maji gramu 3 hivi.

– Samaki bei juu siku hizi.
Nenda soko la samaki la Deep Sea hapa Tanga, asubuhi boti zinaporudi. Au chukua dagaa wakavu, watoe vichwa, wakaange bila mafuta, watwange, unga wake utie kwenye uji ukishaiva. Wanangu wanakunywa bila kujua.

– Na Ramadhani?
Nyanyua baada ya futari, punguza seti, usiache kabisa. Protini igawe futari na daku, na daku usiiruke.