Upasuaji wa Tezi Dume kwa Roboti: Ya Kuuliza Kabla ya Kutia Saini

Ndugu anayetibiwa ughaibuni, akiambiwa kwamba saratani ya tezi dume yake itaondolewa kwa roboti, huenda akadhani kuwa mashine ndiyo itakayompasua. Sivyo. Mpasuaji huketi hatua chache kutoka kitandani, akitazama ndani ya mwili kwa picha iliyokuzwa takriban mara 10, na kila anapozungusha vidole vyake, vyombo vyembamba vilivyopitishwa katika matundu madogo ya tumboni huzunguka vivyo hivyo. Mashine ya da Vinci, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2000, haiamui lolote yenyewe.

Kwa hiyo muulize daktari amekwisha kufanya upasuaji huu mara ngapi, na ni wagonjwa wake wangapi wanaoweza kuzuia mkojo mwaka mmoja baadaye. Daktari mzoefu hachukizwi na swali hilo. Utafiti wa Brisbane, Australia, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2016 na 2018, uliwalinganisha wanaume waliopasuliwa kwa roboti na waliofunguliwa tumbo kwa njia ya zamani: wa roboti walipoteza damu kidogo na wakatoka hospitalini mapema, lakini katika kuzuia mkojo na nguvu za kiume makundi hayo mawili yalikaribiana sana.

Uliza pia kama upasuaji unahitajika sasa. Uingereza iliwafuatilia wanaume 1,643 ambao saratani yao ilikuwa haijatoka nje ya tezi, na baada ya takriban miaka 15 karibu 97 katika kila 100 hawakuwa wamekufa kwa ugonjwa huo, wawe walipasuliwa, walipigwa mionzi au waliwekwa chini ya uangalizi. Saratani kali au iliyosambaa ina hesabu nyingine, ndiyo maana alama ya Gleason, inayoonyesha ukali wa saratani, na picha ya MRI zisomwe pamoja nawe.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni mkalimani. Kijana wa miaka 15 aliyeketi kati ya baba yake na daktari, akitakiwa kutafsiri habari za kusimama kwa uume, atainamisha kichwa na kusema, "Baba, utakuwa na udhaifu kidogo," na mzee atatia saini bila kujua alichokubali. Omba mkalimani wa hospitali, wa ana kwa ana au wa simu, tangu siku unapopewa miadi.

Yasiyofaa kufichwa ni haya. Mishipa ya fahamu inayosimamisha uume imeshikamana na tezi pande zote mbili. Saratani isipoifikia, mpasuaji hujaribu kuinusuru, lakini nguvu huweza kuchukua hata miaka miwili kurudi, na kwa wengine hazirudi kama zamani. Manii hayatatoka tena, hivyo anayetaka mtoto ahifadhi mbegu zake kabla ya upasuaji. Mpira wa mkojo, unaopitishwa kwenye uume hadi kibofuni, hukaa kwa wiki moja hadi mbili, na ukishatolewa mkojo huvuja kwa wiki au miezi, kwa hiyo nunua pedi mapema na uanze mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga kabla ya kulazwa.

Usikate tiketi ya ndege kwa wiki zinazofuata bila ruhusa ya daktari, kwa kuwa damu huweza kuganda miguuni. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, pumzi ikikata, homa ikipanda au mpira ukiziba, nenda hospitali mara moja.

Wiki kadhaa baadaye utapimwa PSA, yaani protini ya tezi dume iliyo katika damu, ambayo inatakiwa iwe imeshuka hadi karibu isionekane, na kipimo hicho kitaendelea kwa miaka. Chukua nakala ya ripoti ya maabara iliyoichunguza tezi, maana ukihamia nchi nyingine daktari mpya ataihitaji. Waarifu pia kaka zako na wanao wa kiume: mwenye baba au ndugu aliyeugua ana hatari takriban maradufu, na yafaa azungumze na daktari kuhusu PSA mapema, pengine tangu miaka 45.