Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kumleta Samaki Mwoga Kwenye Tangi Jipya

Samaki akitiwa kwenye tangi geni, kitu cha kwanza anachotafuta ni pa kujificha. Atajibanza nyuma ya chujio, atajifukia mchangani, au atatulia kwenye kona ya chini huku rangi zake zimefifia. Mwenye tangi huingiwa na wasiwasi kwamba ameletewa mgonjwa. Mara nyingi sivyo. Kiumbe mdogo ambaye huliwa na kila aliye mkubwa kumzidi hana namna nyingine ya kujilinda ugenini. Kitakachoamua kama atajificha kwa siku tatu au kwa miezi ni maandalizi yako, na karibu yote hufanyika kabla hajafika.

Maji kwanza. Hofu ya ugeni huisha yenyewe, lakini hofu inayoletwa na maji mabaya haiishi. Tangi lililojazwa jana huweza kuwa na maji maangavu na bado likamuua samaki. Samaki hutoa amonia, hasa kupitia matamvua, na amonia ni sumu. Wapo bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia ikiwa kidogo. Bakteria hao huishi zaidi kwenye sponji ya chujio, na kwa kawaida huchukua kama wiki 4 hadi 6 kuongezeka vya kutosha. Kwa hiyo washa chujio mapema, na utie amonia kidogo kidogo ili wapate chakula. Usilete samaki mpaka vipimo vionyeshe amonia 0, nitriti 0, na nitrati chini ya miligramu 40 kwa lita. Kwa samaki dhaifu mimi ningetaka isizidi 20. Ukipata kipande cha sponji kutoka tangi la zamani lenye samaki wazima, muda huo utapungua sana.

Maji ya bomba yenye klorini hutulia yakikaa wazi kwa siku nzima, lakini yaliyotiwa kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, hayatulii hivyo. Tumia dawa ya kuondoa klorini inayotaja kloramini pia. Hita nayo iwe imefanya kazi siku kadhaa mbele ya macho yako. Samaki wengi wa maji ya joto hupenda nyuzi 24 hadi 26 za Selsiasi, na kinachowaumiza zaidi ni joto linalopanda na kushuka.

Sasa tuje kwenye maficho, na hapa ndipo wengi hukosea. Mtu hutaka kumwona samaki wake, basi huacha tangi wazi: kijiwe kimoja, mmea mmoja. Matokeo yake samaki haonekani kabisa. Samaki anayejua pa kukimbilia huthubutu kutoka. Asiye na pa kukimbilia hukaa amebanwa na hofu mchana kutwa. Ukitaka kumwona sana, mpe maficho mengi. Yawe mengi kuliko idadi ya samaki, ili asiwepo wa kumfukuza mwenzake, na kila moja limtoshe mwili mzima. Pango lenye milango miwili ni bora kuliko lenye mmoja, kwa sababu mwoga hapendi kuingia mahali pasipo na pa kutokea. Elekeza mlango mmoja mbele ya kioo. Yeye atajiona amejificha nawe utamwona.

Fikiria pia ni samaki gani. Koridorasi, kambare wadogo wa chini ya tangi, hupekua chini kwa sharubu zao, hivyo wanahitaji mchanga laini. Changarawe zenye makali huwakwaruza. Lochi wa kuhli, wale wembamba kama uzi mnene, hujifukia kabisa na hutembea zaidi usiku, kwa hiyo usitarajie kuwaona sana adhuhuri hata wakishazoea. Tetra neoni, samaki wadogo wenye mstari wa kung'aa, hutoka kwenye vijito vya bonde la Amazoni, chini ya kivuli cha msitu, na wao hutaka giza kutoka juu: mimea inayoelea itawatuliza kuliko pango lolote. Kwa wote, sakafu yenye rangi nyeusi na karatasi nyeusi nyuma ya tangi husaidia sana, kwa kuwa tangi lenye mwanga kutoka kila upande humfanya samaki ajione yuko uwanjani.

Kabla ya kutumbukiza pambo lolote, lipitishie soksi nyembamba ya nailoni. Ikinasa, pezi nalo litanasa. Mdomo wa chujio uvike sponji, maana ndiko samaki wadogo hukimbilia, na mvuto wake unaweza kuwanasa. Kisha kagua mfuniko, hasa pale zinapopita nyaya na mabomba. Samaki aliyeshtuka huruka, na tundu dogo linamtosha.

Mahali pa tangi ni jambo fupi lakini lisipuuzwe. Samaki ana mstari wa fahamu ubavuni unaohisi mtikisiko wa maji, kwa hiyo mlango unaobamizwa na spika ya muziki humfikia mwilini. Weka tangi pembeni mwa njia ya watu, na waambie watoto mapema kwamba kioo hakigongwi.

Halafu kuna suala la wenzake. Tetra na koridorasi ni samaki wa kundi, na chini ya 6 wa aina moja huwa ni kuwaonea. Mmoja peke yake anaweza kujificha maisha yake yote hata tangi likiwa zuri kiasi gani, kwa sababu hana wa kumwonyesha kwamba hali ni shwari. Baadhi ya wafugaji hutanguliza samaki wachangamfu na wapole, kama zebra danio, wanaoogelea sehemu ya juu bila wasiwasi. Mwoga akiwaona wametulia naye hutoka. Ni mbinu nzuri, mradi joto na ukubwa vinalingana. Ila ukiwa na siklidi (samaki wa jamii ya perege) mkali aliyejitwalia tangi, usimwongezee mwoga humo. Maficho hayatamwokoa.

Kama tangi lina wenyeji wapole, bado ni vyema kuwalisha kwanza siku hiyo na kuhamisha mawe na magogo machache, ili hata wao wajikute ugenini na waache kutetea mipaka yao ya zamani. Lakini kabla ya hapo mgeni apite karantini, yaani akae kwenye tangi la peke yake, kwa wiki 2 hadi 4, kwa kuwa magonjwa kama ya madoa meupe huingia tangini pamoja na wageni. Tangi la karantini mara nyingi huwa tupu kabisa, nami naona huo ni ukatili usio na sababu. Kipande cha bomba safi la plastiki kinatosha kumpa pa kulala, na husafishwa kirahisi.

Siku ya kumpokea, taa ya tangi izimwe tangu mapema na ya chumbani ipunguzwe. Samaki hana kope za kufumba, hivyo kutoka kwenye giza la safari na kuingia kwenye mwanga mkali kunamuumiza. Acha mfuko aliokuja nao uelee juu ya maji kwa dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane, kisha ongeza maji ya tangi kidogo kidogo. Kama amesafiri saa nyingi, usiurefushe utaratibu huu baada ya kufungua mfuko: hewa ya ukaa iliyokuwa imejikusanya hutoka, pH ya maji hupanda (yaani asidi yake hupungua), na amonia iliyomo huwa kali zaidi. Mhamishe kwa wavu, na maji ya mfuko yamwagwe nje. Taa ibaki imezimwa hadi kesho yake.

Siku hiyo asilishwe. Kuanzia ya pili mpe chakula kidogo sana, karibu na maficho yake, na mabaki yaondolewe baada ya muda mfupi. Wale wa usiku walishwe taa ikishazimwa, la sivyo wenzao watakula vyote.

Wengi hutulia ndani ya siku chache hadi wiki 2. Katika muda huo usimfuate kwa wavu wala kuinua mawe ili kuhakikisha yuko hai, utamrudisha mwanzo. Tazama kwa mbali. Anayejificha lakini anapumua taratibu na kula usiku ni mzima. Anayehemea juu ya maji, anayepumua kwa kasi, aliyebana mapezi, mwenye madoa meupe au anayelala ubavu hasumbuliwi na woga. Pima maji saa hiyo hiyo, na amonia au nitriti ikionekana badilisha sehemu ya maji kwa mengine yenye joto lile lile, yasiyo na klorini.